Karai, Mto na Watu wa Kilo

Mtu apitaye leo katika mabonde yaliyo kati ya Bunia na Mongbwalu, wakati wa kiangazi maji yapunguapo, hakosi kuona jamaa nzima, baba, mama na watoto, wameinama mtoni wakisukasuka makarai. Wageni wengi hudhani kuwa hiyo ni desturi ya kale ambayo wenyeji waliirithi kwa mababu zao, kama walivyorithi uvuvi au ufinyanzi wa vyungu. Hata katika insha za wanafunzi wetu tumekwisha kusoma mara nyingi kwamba tangu zamani wazee walikuwa wakiosha dhahabu. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba sivyo ilivyokuwa. Kwa watu wa Kilo, karai la dhahabu lililo mali ya jamaa ni kitu kipya kuliko shule. Kwa muda wa miaka 77, tangu 1905 hata 1982, mwenyeji aliyetia karai lake katika mto wa kwao ili apate chembe ya dhahabu alihesabiwa kuwa mwizi mbele ya sheria. Na haki aliyoipata mwaka ule wa 1982 haikuwa kamili, wala hata leo haijawa salama.

Tuanze na wakati ule ambao dhahabu ilikuwa imelala mtoni bila kusumbuliwa na mtu. Nchi ya Kilo ni nchi ya Wanyali, na jirani zao ni Walendu, Wahema na Wabira. Madini waliyoyathamini ni chuma. Kwa chuma mtu alipata jembe, mkuki, kisu na shoka, na mhunzi alikuwa mtu wa heshima. Dhahabu ni laini mno, haifai kwa jembe wala kwa shoka. Basi ikiwa wazee hao hawakuinama kuiokota, haikuwa kwa ujinga, kama walivyopenda kusema watawala wa kikoloni, bali kwa sababu haikuwa na kazi kwao wala soko.

Penye soko mambo yalikuwa mengine. Wasomaji wetu wanajua kwamba fahari ya Kilwa ilitokana kwa sehemu kubwa na dhahabu iliyopitia Sofala. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alisikia habari za biashara hiyo. Dhahabu yenyewe ilitoka katika nyanda za juu za Zimbabwe, na waliopata kuitoa ni wakulima, wake kwa waume, ambao kazi za shamba zilipokwisha walishuka mitoni kuosha mchanga. Huko, basi, jamaa kuinama mtoni ni desturi ya kale kweli. Neno letu dhahabu, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilizoeleka pwani karne nyingi kabla halijatamkwa katika bonde la Ituri.

Jambo la kushangaza ni kwamba Waswahili wenyewe walilitembea bonde hilo pasipo kuiona. Katika miaka ya 1880 misafara ya Waungwana, waliotoka Manyema na Zanzibari, iliingia msitu wa Ituri. Stanley alipopita mwaka 1887 katika safari yake ya kumtafuta Emin Pasha alikuta vituo vya Ugarrowa na vya Kilonga-Longa vimekwisha kujengwa. Hao walikuwa watu wa lugha ya pwani, waliojua bei ya dhahabu sokoni. Lakini macho yao yalikuwa juu ya pembe za ndovu, na juu ya watu, ambao waliwafunga na kuwachukua. Waliacha nyuma yao vijiji vilivyochomwa. Waliacha pia lugha, ile iliyokuja kuitwa Kingwana. Sisi tuifundishayo lugha hii hatuna budi kuyataja yote mawili kwa pamoja.

Ilikuwa mwaka 1903 ndipo Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walipoikuta dhahabu katika mchanga wa mto Agola, mmoja wa vijito vinavyolisha mto Ituri. Wakati huo nchi yote ilikuwa chini ya Dola Huru ya Kongo, ambayo uhuru wake ulikuwa wa Mfalme Leopold II peke yake. Mwaka 1905 kazi ikaanza Kilo. Baadaye dhahabu nyingine ikapatikana upande wa kaskazini, mahali paitwapo Moto, karibu na Watsa, na huko kazi ikaanza mwaka 1911. Kati ya tarehe hizo mbili, yaani Novemba 15, 1908, Leopold alikuwa amekwisha kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji. Mwenye nyumba alibadilika, walakini migodi iliendelea kuwa mali ya dola. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, ambayo ndani yake serikali ilishika sehemu kubwa ya hisa. Jambo hili tulikumbuke, maana linaeleza mengi yaliyofuata: aliyetoza kodi, aliyetunga sheria, aliyeamuru machifu kutoa watu, na aliyepata faida ya dhahabu, wote walikuwa ni yule yule Bula Matari.

Tangu mwanzo mwenyeji alihitajiwa kwa mikono yake, si kwa maarifa yake. Dhahabu ya miaka ya kwanza ilikuwa katika mchanga na changarawe za mitoni, kwa hiyo kazi ilikuwa ya koleo na sururu: kuondoa udongo wa juu, kugeuza njia ya maji, kuchimba kokoto na kuzimwaga katika mifereji ya mbao ambamo maji yalikimbia na dhahabu ikabaki chini. Watu hawakuja kwa hiari. Machifu walilazimishwa kutoa vijana, na vijiji ambavyo havikutoa wachimbaji vilitakiwa kutoa chakula cha kuwalisha, au wapagazi wa kubeba chakula hicho. Mke aliyelima mihogo au mpunga maili nyingi kutoka mgodini alikuwa naye anaufanyia mgodi kazi, ijapokuwa hakuandikwa katika daftari lolote. Kufikia miaka ya 1930 wafanyakazi wa Kilo na Moto walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na ili mitambo ipate nguvu mto Shari ukazibwa, umeme ukatolewa Budana.

Hapa tungependa kusimama kidogo, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha. Kambi za wachimbaji zilikusanya watu wa makabila ambayo hayakupata kusemezana hapo kwanza: Mnyali na Mlendu, Mwalur na Mbira, na wengine waliotoka mbali zaidi. Amri ilitolewa kwa lugha gani? Upande wa Kilo ilitolewa kwa Kiswahili, ile ile lugha ya Waungwana, iliyokwisha kupunguzwa na kulainishwa. Upande wa Moto na Watsa lugha ya askari, ambayo ni Kilingala, ndiyo iliyoshika, na mpaka leo mtu akitoka Bunia kwenda Watsa huvuka mpaka wa lugha hizo mbili akiwa angali ndani ya nchi moja ya dhahabu. Msamiati wa kambi wajulikana. Kapita, neno lenye asili ya Kireno, ndiye msimamizi wa kikosi. Posho ni chakula cha juma. Kambi yenyewe ni nyumba zilizopangwa mistari. Watoto wengi wa Ituri walizaliwa ndani ya maneno hayo. Wapo wasomi wanaokiona Kiswahili cha migodini kuwa ni Kiswahili kibovu. Sisi hatupendi neno hilo. Ni Kiswahili cha watu waliokatazwa mambo mengi wasikatazwe kusema.

Na katika mambo waliyokatazwa, la kwanza lilikuwa dhahabu yenyewe. Mchimbaji aliishika kutwa nzima. Aliiona iking'aa chini ya mfereji jioni wakati msimamizi Mzungu alipokuja kuikusanya na kuifungia sandukuni. Lakini sheria ya koloni ilimkataza mtu yeyote asiye na kibali kuwa na dhahabu ghafi, kuiuza au kuisafirisha, na kibali hakikutolewa kwa mwenyeji. Kukutwa na chembe katika ukucha, katika nywele au katika pindo la kaptura kulikuwa ni wizi. Tena katazo halikuwa la wachimbaji tu. Mwanamke aliyekwenda mtoni kuteka maji, ambaye mama yake na nyanya yake waliteka maji pale pale, hakuwa na ruhusa ya kuchota mchanga wa kando ya miguu yake na kuuosha. Mto ulibaki wake kwa kunywa, kwa kufulia na kwa kuvulia samaki. Kwa dhahabu haukuwa wake.

Ili msomaji aelewe ni kitu gani kilichokatazwa, yafaa tueleze kazi yenyewe. Jumamosi moja ya mwezi wa Januari tulifuatana na jamaa ya mwalimu mwenzetu wa shule ya msingi, ambao hushuka mtoni siku zisizo za masomo. Walikuwa watu saba: mwalimu na mkewe, watoto wao wanne, na mama mzee, mzazi wa yule mke. Tuliondoka alfajiri, tukatembea saa moja na nusu. Chakula kilikuwa mihogo iliyochemshwa na maharagwe, kimefungwa katika majani ya migomba. Na kijana mkubwa alichukua koleo, ndoo mbili, makarai matatu na kipande cha blanketi kuukuu.

Blanketi lile lilitandikwa ndani ya mfereji mfupi uliotengenezwa kwa ubao. Baba alichimba kokoto pale mto unapopinda, upande wa ndani ambapo maji huchoka na kutua mzigo wake; huko ndiko dhahabu ipendako kukaa, na pia nyuma ya mawe makubwa na katika nyufa za mwamba. Watoto walibeba ndoo. Kijana alimwaga kokoto juu ya ubao na maji yakapita. Kila baada ya ndoo thelathini hivi blanketi liliinuliwa, likakamuliwa ndani ya karai, na hapo kazi ikawa ya wanawake.

Siri ya karai ni uzito. Mchanga wa kawaida ni mzito kuliko maji mara mbili na nusu hivi. Mchanga mweusi wenye chuma ni mzito mara tano. Dhahabu ni mzito mara 19. Ukilizungusha karai katika maji kwa kipimo, mchanga mweupe huinuka na kutoka pembeni, mweusi huufuata kwa uvivu, na dhahabu hubaki mwishoni, mkia mwembamba wa manjano nyuma ya weusi. Mchanga mweusi uliosalia ulikaushwa juu ya bati, ukavutwa kwa sumaku. Tulimwuliza mama mzee ni nani aliyemfundisha, maana mikono yake haikuwa na haraka wala haikupoteza kitu.

"Mwalimu, nani angenifundisha? Mimi nilikuwa na ungo tangu utoto. Hii ni kupepeta tu. Pale ni upepo, hapa ni maji."

Tulitafakari sana juu ya jibu hilo. Sisi katika madarasa yetu hutofautisha kwa bidii vitenzi hivi: kupepeta ni kwa ungo na upepo, kuchekecha ni kwa chekecheo, kuosha ni kwa maji. Mtoni vyote vitatu vimekuwa kazi moja. Tena vyombo vyote vya siku ile vilikuwa na majina yaliyosafiri. Karai ni neno la Kihindi. Mizani ni neno lililotujia kwa njia ya Waarabu. Tola, kipimo cha gramu 11.66 ambacho wanunuzi wakubwa hukitumia mpaka leo mashariki mwa Kongo, kimetoka India pamoja na wafanyabiashara wake. Kwa wauzaji wadogo tola ni ndoto. Wao hupima kwa sarafu za zamani na kwa njiti za kiberiti, kila njiti ikiwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya gramu. Mavuno ya watu saba siku ile nzima hayakutimia njiti mbili.

Wakati wa kula tulimwuliza mama mzee kuhusu baba yake, ambaye alifanya kazi Kilo katika miaka ya 1940 na 1950.

"Alichimba miaka kumi na sita," alisema. "Sisi watoto hatukupata kuiona dhahabu. Siku moja nilimwuliza, Baba, inafananaje? Akainuka, akafunga mlango kwanza, ndipo akanijibu. Alisema inafanana na unga wa mahindi ya njano, basi. Hakusema tena."

Kufunga mlango kwanza! Hatujasoma katika kitabu chochote maelezo ya katazo lile yaliyo mafupi na kamili kama hayo.

Uhuru wa Juni 30, 1960 haukubadilisha sheria ya dhahabu. Ulichobadilisha ni ulinzi. Walinzi walipungua, mameneja wengi wa Kizungu wakaondoka, na watu wakaanza kushuka mitoni usiku. Mwaka 1964 maasi ya Simba yakaenea nchi hiyo yote na kazi ikasimama. Mwaka 1966 serikali ya Mobutu ikaichukua migodi na kuunda shirika la dola, Okimo. Hivyo mwenyeji akaendelea kuwa mwizi, safari hii mwizi wa mali ya taifa lake mwenyewe. Wakati huo huo biashara ya siri ikakua: dhahabu ilikwenda Butembo, ikavuka kwenda Uganda, ikarudi kwa sura ya nguo, baiskeli na sabuni. Mitambo ya shirika ilizeeka bila vipuri. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 ilikuwa dhahiri kwamba dola haikuweza kuchimba dhahabu yote wala kumzuia raia kuichimba.

Ndipo ikaja sheria ya Novemba 1982, iliyoruhusu raia wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, kuchimba kwa mikono na kuuza dhahabu na almasi. Wengi wameiandika sheria hiyo kama zawadi ya rais. Kwa maoni yetu ilikuwa ni kukiri kwamba mlango ulikwisha vunjwa. Hata hivyo furaha ilikuwa kubwa, nayo ilistahili. Makarai yalitoka uvunguni. Wanawake waliingia mtoni mchana kweupe. Watoto wa wachimbaji wa zamani waliishika dhahabu mbele ya watu, wakaiuza wakapata bati la nyumba, mbuzi wa mahari, karo ya shule.

Lakini ndani ya ruhusa kulikuwa na tundu kubwa: haikugusa ardhi ambayo mwingine alikwisha kuwa na haki ya kuichimba. Na katika Ituri na Uele ardhi yenye dhahabu iliyokuwa imekwisha kuandikwa kwa jina la shirika la dola ilikuwa pana kiasi cha kutosha nchi nzima. Kwa hiyo jamaa iliyoshuka mtoni iliruhusiwa kwa sheria ya taifa na kukatazwa kwa ramani ya shirika, na pale katikati alisimama mtu wa kutoza: leo mlinzi, kesho askari, keshokutwa mjumbe wa chifu.

Kwa upande wa shule, tuliyoyaona sisi na walioshika chaki kabla yetu hayahitaji hesabu ya wataalamu. Mishahara iliposimama katika miaka ya 1990, walimu wengi walifuata wanafunzi wao mtoni. Hatuwalaumu. Mwalimu mwenye watoto wanne, asiyelipwa kwa miezi mingi, atakula nini? Walakini mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyekwisha kupata njiti zake mwenyewe hurudi darasani kwa shida, na msichana aliyezoea kupika chakula cha wachimbaji harudi kabisa. Sheria inamkataza mtoto kuchimba. Mtoni hatujamwona mtu aliyeisoma.

Kisha vikaja vita. Tangu 1999 hadi 2003 Ituri iliungua, na dhahabu ilikuwa miongoni mwa kuni zake. Mongbwalu, mji uliojengwa kwa ajili ya migodi, ulitekwa Novemba 2002 na kutekwa tena na wengine mwaka uliofuata. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 2005 kwamba raia wasiopungua 2,000 waliuawa katika eneo hilo peke yake kati ya Juni 2002 na Septemba 2004. Waliokuwa na bunduki waliwalazimisha wenyeji kuchimba bila malipo, na mtu aliyekumbuka habari za baba yake hakuona lililo jipya ila rangi ya wasimamizi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Desemba 2005 kwamba Uganda ilikuwa na hatia, pamoja na mambo mengine, kwa uporaji wa mali asili uliofanyika. Na Februari 9, 2022 ikaitaka ilipe dola milioni 325, ambazo kati yake milioni 60 zilikuwa kwa ajili ya mali asili. Fedha hizo hulipwa dola kwa dola. Mto hauna akaunti ya benki.

Amani haijakaa. Desemba 2017 mauaji yalianza upya katika Djugu, na watu waliokimbia kwenda Bunia waliacha mashamba na makarai.

Katika miaka hiyo hiyo migodi mikubwa ilirudi. Kule Moto ya zamani, karibu na Durba, mgodi wa Kibali ulitoa dhahabu yake ya kwanza Septemba 2013, baada ya maelfu ya jamaa kuhamishwa na kujengewa nyumba mahali pengine. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, imeweka kwamba mchimbaji mdogo awe raia mtu mzima, awe na kadi, na achimbe ndani ya maeneo yaliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Sharti si baya likiwa maeneo yapo. Ila maeneo hayo ni machache, mara nyingi yako mbali na vijiji, au hayana dhahabu ya kutosha. Na kando ya mito zimefika mashine za kunyonya mchanga, zinazofanya kwa siku moja kazi ambayo jamaa saba haziwezi kuifanya kwa mwaka, na kuyaacha maji mekundu hata chini mbali, yasifae kwa karai wala kwa kunywa. Wengine hutumia zebaki kukamatisha dhahabu, kisha huichoma jikoni katika sufuria ile ile ya chakula. Moshi wake ni sumu, huharibu ubongo wa mtoto na mimba ya mama, na kinachotiririka mtoni huingia katika samaki. Jambo hili la mwisho mwalimu anaweza kulieleza darasani wiki hii hii bila kungoja serikali.

Kijito kile tulichokwenda Januari kimo ndani ya ramani ya kampuni, kama vilivyo karibu vyote. Mwalimu mwenzetu anajua. Kadi hana, kwa kuwa kadi haifai nje ya eneo lililotengwa. Tulipomwuliza anawaambiaje watoto wake, alisema huwaambia ukweli: kwamba hapa si petu kwa karatasi.

Historia hii imeandikwa na wachache. Bakonzi Agayo, mtoto wa Kongo, aliiandikia tasnifu yake ya udaktari mwaka 1982 huko Marekani, mwaka ule ule wa sheria tuliyoitaja. Imo katika Kiingereza, na wenye migodi waliacha daftari zao katika Kifaransa. Katika Kiswahili, lugha ambayo amri zilitolewa kwayo na ambayo mama mzee alisimulia kwayo, kuna karibu na hakuna. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa Mongbwalu, Bambu, Nizi, Mambasa, na ndugu zetu wa Watsa na Durba hata kama wao hutumia Kilingala, watuandikie majina ya vyombo vya mtoni kama yanavyotamkwa kwao: ubao wa kuoshea, kitambaa cha ndani yake, mchanga mweusi, kokoto ya juu isiyo na kitu na ile ya chini yenye dhahabu, pamoja na vipimo vya uzito na jina la yule anunuaye. Waandike pia ni nani aliyewaambia, umri wake, na kama mzazi wake alifanya kazi kambini. Maneno yatakayofika kabla ya mwisho wa muhula tutayachapisha katika toleo lijalo.